Barakoa Kumi za Jumuiya

Jumatatu, 9 Juni

Upepo tangu alfajiri. Uji wa ulezi, chupa ya chai, mayai mawili ya kuchemsha, taulo safi. Getini kwa hospitali saa kumi na mbili na nusu, kama kila siku. Leo ni siku ya kumi na nane tangu mke wangu Yustina ateleze kwenye ngazi ya jikoni akavunjika paja. Bado amelala chali, mguu umefungwa kamba yenye uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda. Daktari anasema wiki kumi na mbili. Yustina anasema daktari hajawahi kulala chali hata wiki moja.

Nimesoma tena tangazo la getini. Msimu wa baridi, Juni hadi mwisho wa Agosti, kila anayeingia wodini avae barakoa. Mwenye kikohozi, mafua au homa asiingie. Halina kosa la tahajia. Nililitafuta.

Sipendi barakoa. Si kwa ajili ya pumzi. Nikiwa na miaka tisa mama alinifunga kitambaa mdomoni ndani ya mtumbwi, tulipokuwa tunavuka ziwa kukimbia vita. Nilikuwa nakohoa, na kwenye ukungu kulikuwa na boti ya askari. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Alikaza fundo mpaka machozi yakanitoka. Nimeishi upande huu miaka zaidi ya sitini. Nimefundisha, nimeoa, nimezika, nina karatasi za uraia. Lakini kitu chochote kikigusa midomo yangu bado nasikia ladha ya kile kitambaa. Dagaa na moshi.

Zeno, mlinzi aliyeletwa getini mwezi huu, mtu mnene mwenye maneno mengi, ananiita Mwalimu ingawa hakupita darasani kwangu. "Mwalimu, na pua nayo ifunike. Pua ndiyo mlango mkubwa." Nikaifunika.

Alhamisi, 12 Juni

Aibu getini, na kicheko kidogo. Jumuiya ilikuja kumwona Yustina. Ni kaya ishirini na mbili za mtaa wetu. Tunasali pamoja kila wiki, tunazikana, na mgonjwa wa mmoja ni mgonjwa wa wote. Walikuja kumi na tisa, na unga, maharage na kuku mzima anayelia. Barakoa walikuwa nazo mbili.

Zeno hakutikisika. Mwenyekiti wetu, Mama Genoveva, alimwambia kwamba alimbeba mgongoni alipokuwa mtoto.

"Ndiyo maana nakupenda, mama yangu," Zeno akajibu. "Barakoa iko wapi?"

Waliingia wawili. Kumi na saba walisimama nje kwenye upepo wakaimba wimbo mmoja ili Yustina asikie. Alisikia. Alisema sauti ya tatu ilikuwa chini. Mollo, alikozaliwa, mgonjwa anayetembelewa na watu wawili watu humsikitikia, kwamba sijui aliwakosea nini majirani. Haikumpendeza. Mimi pia haikunipendeza.

Kuku nimerudi naye mimi.

Jumamosi, 14 Juni

Nimetoa wazo, na limepita.

Baada ya sala nilisimama kama katibu na mtunza vyombo, nikafungua daftari. Sufuria kubwa tatu. Turubai moja. Mabenchi sita. Sahani sitini. Vikombe hamsini na vinane, viwili vilivunjika msibani. Nikasema: tuna sahani za jumuiya na mabenchi ya jumuiya, kwa nini tusiwe na barakoa za jumuiya? Kumi zinatosha. Kumi wanaingia, wanamsalimu mgonjwa, wanatoka, wanakabidhi, wengine wanavaa. Walipiga makofi. Mama Genoveva alisema hiyo ndiyo faida ya kuwa na mtu aliyesoma.

Mchana wote nimeshona. Cherehani ni ya Yustina, ndiyo iliyosomesha watoto wetu pamoja na mshahara wangu. Nimekuwa nikimpindia mapindo tangu nistaafu, kwa hiyo mkono si mgeni. Vipande vya kitenge cha bluu, tabaka mbili, lastiki nyembamba. Kwenye pembe ya kila moja nimetia namba kwa uzi mwekundu, moja hadi kumi. Namba 7 imetoka vizuri kuliko zote.

Nimefurahi. Naandika hivyo wazi kwa sababu tangu Mei sijaandika neno hilo.

Jumapili, 15 Juni

Kazi imekwenda kama saa. Nilisimama getini na kikapu na daftari. Kumi waliingia, wakatoka, wakavua, kumi wengine wakavaa palepale, kitambaa bado kina joto. Zeno alinipigia saluti. Mama Genoveva alitaka Namba 7. Nikamwambia zinagawiwa kwa foleni. Akapanga foleni upya mpaka ikamwangukia.

Yustina alizungukwa na watu mpaka hakuonekana. Kwenye kitanda cha jirani yupo Bi Minza, bibi wa Kisukuma kutoka bondeni, upande wa Kaoze. Alikanyagwa na ng'ombe wake mwenyewe, nyonga ikavunjika. Watoto wake wako na mifugo, hawafiki mara kwa mara. Jumuiya ilimsalimu na yeye, ikampa maharage. Alilia, kisha akauliza kama hakuna maziwa. Sisi Wafipa, alisema, tunakula kama kuku. Mimi si Mfipa, lakini nilipenda kuhesabiwa.

Barakoa zote kumi zimerudi. Nimezipanga kwenye kikapu juu ya kabati, moja hadi kumi.

Alhamisi, 19 Juni

Sifa zimeenea. Jumuiya mbili za jirani zimeazima. Nimewaandikia kwenye daftari: zimetoka saa tisa, zimerudi saa kumi na moja. Namba 4 imerudi na harufu ya ugoro. Nimeipunga hewani dirishani, nikairudisha mahali pake.

Baridi kali. Asubuhi majani ya ua yalikuwa meupe. Dafroza, binti yetu mkubwa, amepiga simu kutoka Mbeya kuuliza kama navaa sweta mbili. Navaa tatu.

Jumapili, 22 Juni

Mama Genoveva hakuja. Anakohoa, yuko kitandani. Na wengine watatu. Tulisema ni baridi ya mwaka huu. Kila mwaka tunasema hivyo.

Waliokuja walikuwa kumi na mmoja. Namba 7 nilimpa mwingine.

Bi Minza alikuwa anakohoa. Yustina alikula nusu ya ugali akasema ameshiba. Hajawahi kusema ameshiba mbele ya ugali wa ulezi. Koo langu linawasha tangu jioni. Sijapenda.

Jumatatu, 23 Juni

Siku mbaya. Niandike kwa utaratibu.

Saa kumi jioni walikuja wanne wa jumuiya na sita wa ile ya jirani. Nilikuwa getini. Nilikuwa nazipokea barakoa kutoka kwa waliotoka na kuwapa waliokuwa wanaingia. Nilipogeuka nilimwona Sista Editha, muuguzi mkuu wa wodi, amesimama nyuma ya Zeno, mikono mifukoni. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Hizo mmezifua lini?"

Nikafungua daftari. Nikamwonyesha: kumi zimetoka, kumi zimerudi, tangu tarehe kumi na tano hakuna iliyopotea.

"Sikuuliza zimepotea ngapi, babu."

Nilisimama na Namba 2 mkononi. Ilikuwa na unyevu. Tangu nizishone nilikuwa sijazitia maji hata mara moja. Mimi niliyewafundisha watoto wa darasa la nne miaka thelathini kunawa mikono. Nilikuwa nachukua pumzi ya mtu mmoja na kumvika mwingine, kisha naandika kwamba hesabu imetimia.

Hakunigombeza. Alisema wodini watu watatu wamepata kikohozi tangu Ijumaa. Nikamuuliza kama ni sisi. Alisema hajui, na hatajua, kikohozi hakina saini. Halafu akasema joto la Yustina limepanda tangu mchana.

Ndipo nikakohoa. Hapohapo, mbele yake. Nikampa chupa ya chai, nikarudi nyumbani.

Jumanne, 24 Juni

Nakohoa. Joto kidogo. Siwezi kuingia. Tangazo linasema wazi, na nililisifia uandishi wake.

Nimempa jirani uji na chai apeleke. Nimebaki nimekaa kwenye kiti cha Yustina mbele ya cherehani. Tangu tuoane hatujawahi kuwa mji mmoja tusionane siku nzima. Leo hatujaonana siku nzima.

Jumatano, 25 Juni

Nimechemsha barakoa zote kumi kwenye sufuria ya jumuiya. Maji yametoka rangi ya chai. Sitaki kuandika zaidi.

Ijumaa, 27 Juni

Sista Editha alitoka hadi getini kunikuta, mimi upande wangu, yeye upande wake, tumeachana hatua nne. Yustina ana maji kidogo kwenye pafu la kulia. Wamemwekea hewa ya mtungi puani na dawa kwenye mshipa. Mtu mzima anayelala chali wiki tano, kifua chake ni chepesi kushikwa. Alisema tusubiri siku tatu nne.

"Ananiulizia?"

"Anauliza kama umekula."

Naogopa. Naogopa atakufa pale, uso wake umefunikwa, na mimi niko nje ya geti kwa kosa langu mwenyewe nililolipigia mistari kwenye daftari.

Jumamosi, 28 Juni

Nimefanya jambo la kipumbavu, nusu yake.

Asubuhi nilikunywa asali na tangawizi mpaka koo likatulia. Nikavaa koti la Misa na barakoa mpya kabisa. Kitambaa kinaficha mengi: kinaficha pua inayotiririka, kinaficha midomo iliyokauka. Zeno aliniangalia. "Mwalimu, umepona?" Nikaitikia kwa kichwa. Akanifungulia.

Nilipita varanda yote. Mlango wa wodi ya wanawake una kioo. Nilimwona Yustina. Mrija puani, macho amefumba, kitambaa chake cha njano kichwani. Nilikuwa nimeshika kitasa. Kikohozi kikapanda. Nikakimeza. Kikapanda tena, nikakaza midomo chini ya barakoa mpaka machozi yakanitoka, na hapo nikaisikia ladha ile, dagaa na moshi, sikuwa nimeitafuta.

Mama hakuwahi kuniomba radhi kwa kile kitambaa. Nilimngojea aniombe mpaka nilipomzika. Mtumbwini kulikuwa na mtoto mchanga, kulikuwa na bibi asiyeona, kulikuwa na mpiga kasia aliyekuwa na wake zake wawili. Nilikuwa nafikiria koo langu tu.

Nikahesabu vitanda. Kumi na viwili, vyote na watu. Nikaachia kitasa.

Nilikohoa nje, nyuma ya tangi la maji, mpaka mbavu zikauma. Getini nilimwambia Zeno sijapona.

"Mwalimu, hata wewe unadanganya?"

"Leo, ndiyo."

Hakucheka. Alinipa kiti chake nikae.

Jumatatu, 30 Juni

Zeno amepata njia. Dirisha la tatu kutoka mwisho ndilo la vitanda vya Yustina na Bi Minza. Limefungwa kwa ajili ya upepo, na kioo cha chini kimepakwa rangi, lakini anayesimama kwenye majani ya nje anasikika. Sista Editha amekubali, mradi nisiliguse na nisimame mbali.

Yustina hana sauti ya kupita kioo. Bi Minza anayo. Ni mtu aliyezoea kuita ng'ombe. Bado anakohoa, lakini homa imemwacha.

"Mzee! Anasema umekula?"

"Mwambie nimekula."

"Anasema umekula nini!"

Nikasema ugali na kuku.

"Anasema kuku yupi!"

Nikakiri kwamba ni yule wa jumuiya. Nikasikia sauti ya chuma. Yustina alikuwa anagonga kitanda kwa kijiko. Bi Minza akatangaza, wodi nzima na nusu ya mji wakasikia: "Anasema yule alikuwa wa kutaga!"

Nimerudi nyumbani nimechangamka. Mwanamke anayegombana juu ya kuku hajaondoka.

Jumanne, 1 Julai

Nimempelekea barua. Karatasi moja, mwandiko mkubwa kwa kuwa miwani yake imebaki nyumbani. Nilimwandikia kuhusu barakoa. Yote, na ile ya ugoro. Nilimwambia labda ni mimi niliyemletea ugonjwa.

Jibu limekuja jioni mkononi mwa Sista, nyuma ya karatasi hiyohiyo, herufi zinapanda mlima. "Baba Dafroza. Umeshona tabaka mbili au tatu? Mbili hazitoshi. Na miwani yangu uilete."

Nimelisoma mara nyingi kuliko inavyostahili karatasi yenye sentensi tatu.

Jumatano, 2 Julai

Sala ya jumuiya. Tulikaa nje, juani, mabenchi yameachana. Mama Genoveva amepona, amebaki na sauti ya chini. Nilisimama nikasema yote. Kwamba wazo lilikuwa langu. Kwamba sikuzifua. Kwamba barakoa si kitu cha kuazimana, kila mtu awe na zake mbili, moja usoni, moja kwenye kamba.

Manung'uniko. Mama Genoveva alisimama.

"Mwalimu, huo ni uchoyo. Tumekula sahani moja toka mababu. Leo kitambaa kitatushinda?"

"Sahani tunaziosha, mama. Hizi sikuziosha hata siku moja."

Mama Genoveva alikaa, akashika kifua chake, akaangalia chini. Halafu mzee mmoja nyuma akauliza kwa upole ile yenye ugoro aliivaa nani baada ya mwenye ugoro. Nikafungua daftari. Namba 4, tarehe kumi na tisa jumuiya ya jirani, tarehe ishirini na mbili mmoja wetu. Nikasoma jina lililokuwepo. Lilikuwa jina lake yeye mwenyewe aliyeuliza. Wakacheka mpaka watu wakakohoa, na kila aliyekohoa akageuza uso, akatumia kiwiko. Hilo niliona.

Tumekubaliana. Vitenge vya zamani viletwe kwangu kesho. Tabaka tatu.

Jumamosi, 5 Julai

Joto limeshuka. Sista Editha alinifuata hadi kwenye majani ya nje kuniambia, anatembea haraka, nikadhani ni habari mbaya. Hewa ya mtungi wameitoa tangu asubuhi. Amekunywa uji wote, akaomba mwingine.

Nilikaa chini kwenye majani. Sikulia. Nilikaa tu, na upepo ulikuwa mzuri.

Jioni nimeshona kumi na nne. Kwenye pembe natia jina badala ya namba. Mama Genoveva ameomba yake iwe na jina na 7. Nimemwekea.

Alhamisi, 10 Julai

Siku tano bila kikohozi. Sista alinisikiliza mgongo kwa kipimo chake, akauliza maswali mengi kuliko niliyoulizwa nilipoomba uraia, akasema ingia.

Barakoa ilikuwa na tabaka tatu na harufu ya pasi. Yustina aliniangalia muda mrefu. Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeiandaa tangu tarehe ishirini na tatu, ilianza na neno samahani na ilikuwa na aya.

"Umekonda macho," akasema.

Hotuba ikaishia hapo. Nilimvika miwani. Alishika barakoa yangu pembeni, akaikagua mshono kwa kidole gumba kama anavyokagua kazi ya mwanafunzi. Mstari wa chini umepinda, alisema. Ni kweli. Niliuona jana nikaupuuza.

Bi Minza alisema sasa anaweza kupumzisha koo lake. Mwanawe alikuwa amefika kutoka bondeni na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Amevaa barakoa moja tu, iliyooshwa, yenye jina lake. Sista alisema ni ya jumuiya yetu, Mama Genoveva aliiacha getini. Sikujua. Mama Genoveva hakuniambia.

Tulikunywa maziwa. Mimi niligeukia ukutani, nikashusha barakoa, nikanywa, nikaipandisha. Ladha ilikuwa maziwa.

Jumapili, 27 Julai

Hakuna jipya, na hilo ni jema. Jumuiya ilikuja. Waliingia wawili wawili, kila mtu na yake, wengine wakaimba nje. Yustina aliona ni wachache kitandani. Nikamweleza walivyo wengi dirishani. Sauti ya tatu imepanda.

Jumanne, 19 Agosti

Amerudi nyumbani.

Magongo mawili, mwendo wa kuku anayevuka matope. Dafroza amekuja kutoka Mbeya. Zeno alifungua geti lote, pande zote mbili, kama gari la mkubwa linapita. Sista Editha alitusindikiza hadi barabarani. Nilitaka kumshika mkono. Aliweka mkono kifuani akainama, nami nikafanya vivyo hivyo. Bi Minza anabaki wiki mbili zaidi. Alimwambia Yustina akija mjini na ng'ombe atapita. Yustina alimwambia apite bila ng'ombe.

Kwenye ngazi ya jikoni nimepigilia ubao wa kushikilia. Aliutikisa, akasema hautikisiki. Kutoka kwake, hiyo ni sifa kubwa.

Jumatatu, 1 Septemba

Upepo umepungua. Vumbi sasa. Nilikwenda kumpelekea Bi Minza uji. Tangazo limebanduliwa getini, zimebaki alama nne za gundi. Zeno alikuwa uso wazi. Kumbe ana mwanya. Miezi mitatu nimeongea na mtu mwenye mwanya bila kujua. Nilimwangalia nikacheka, naye akacheka, mwanya wote.

Ndani nilivaa hata hivyo. Mazoea.

Mchana nimefungua daftari la vyombo. Sufuria tatu, turubai, mabenchi, sahani, vikombe. Barakoa kumi. Nimepiga mstari mmoja wa rula juu yake. Bado inasomeka, na nimeacha isomeke.

Yustina ameketi kwenye cherehani kwa mara ya kwanza, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. Anaufumua ule mstari uliopinda wa barakoa yangu aushone upya. Nimemwambia msimu umekwisha. Amesema Juni itarudi.

Zile zangu nyingine mbili nimezifua. Ziko kwenye kamba, kati ya khanga yake na koti langu. Nimetoka kuzigusa sasa hivi. Zimekauka.